Kabla lori halijafika getini: jinsi ya kujiandaa kuhama nyumba Nairobi

Kazi yangu ni kusimamia vijana wa kampuni ya kuhamisha nyumba hapa Nairobi, na swali ninaloulizwa zaidi na wateja ni la katoni: nitahitaji ngapi, nizipate wapi, nianze kufunga lini. Ni swali la maana, lakini katoni hazituchelewishi sana. Siku ya kuhama huharibikia getini na kwenye ngazi. Safari yenyewe ya lori barabarani si sehemu ngumu, hata kama Mombasa Road imefunga. Ndiyo maana namwambia kila mteja aanze kushughulikia nyumba anayotoka na nyumba anayoingia, kisha ndipo arudi kwa sahani na nguo.

Cha kwanza ni barua. Katika mitaa mingi yenye geti la pamoja, askari haruhusu lori lenye vyombo litoke bila barua ya mwenye nyumba au wakala inayosema huna deni la kodi. Askari hana kosa. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya, na Sura ya 293 ya sheria za Kenya inampa mwenye nyumba njia ya kukamata mali ya mpangaji aliyelimbikiza kodi, kwa hivyo wenye nyumba huwa macho vyombo vinapoanza kutolewa. Shida huja mteja anapokuwa amelipa kila shilingi, ujumbe wa M-Pesa anao kwenye simu, lakini ni Jumamosi alasiri, ofisi ya wakala imefungwa na simu haishikwi. Askari anamwambia kwa upole, "Mama, mimi nakuamini, lakini hili lori sifungulii bila barua." Basi vijana wanakaa, giza linaingia, na kule nyumba mpya keateka, yaani mtunza jengo, naye ameshafunga geti la mizigo.

Ichukue barua hiyo siku ya kazi, mapema, na ukague kama imeandikwa tarehe unayohama. Mahali pengine wanataka pia namba ya usajili ya lori, kwa hivyo iulize kampuni mapema. Barua yenyewe ikae kwenye mkoba wako. Nimeona ikitafutwa ndani ya droo ya kabati ambalo lilikuwa tayari limesukumwa hadi mwisho wa lori.

Nyumba unayoingia nayo ina masharti yake, na watu wengi huyajua wakiwa wamefika. Apatimenti nyingi za Kilimani, Kileleshwa na Ruaka haziruhusu mizigo kuingia usiku, nyingine zimekataza Jumapili kabisa. Palipo na lifti, uliza kama unaweza kuwekewa saa zako na kama ni lazima kuta zake zifunikwe. Ongea na keateka ana kwa ana ukiweza. Yeye ndiye atakayekuonyesha pa kuegesha lori, atakayehamisha gari lililoziba njia, na atakayekuambia maji huja siku gani za wiki. Hilo la mwisho si dogo. Ukihamia siku ambayo hakuna zamu ya maji, bila mtungi hata mmoja uliojazwa, utalala na vumbi la siku nzima.

Halafu chukua futi ya kupimia. Lori tunalotumia kwa nyumba ya vyumba viwili au vitatu mara nyingi ni lori dogo aina ya kanta lenye bodi iliyofungwa, na bodi hiyo haiingii kwenye maegesho ya chini ya jengo. Pima urefu wa geti kama lina paa, kisha uangalie nyaya za stima zilizoning'inia barabarani. Kama unaenda Utawala au Syokimau, ulizia hali ya njia ya mwisho, kwa sababu udongo mweusi wa huko ukinyeshewa hunasa magurudumu. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, mimi hupanga vijana wa ziada kwa kazi za upande huo, maana pengine lori litasimama mbali na geti na vyombo vibebwe kwa mikono.

Kinachotusumbua kuliko vyote ni kochi. Kochi kubwa la kona liliingia nyumba ya zamani kwa sababu mlango ulikuwa mpana, au fundi alilimalizia humo humo ndani. Sasa linataka kupanda ngazi nyembamba zenye kona, kama zile za ndani za maisoneti za Buruburu. Tunalisimamisha wima, tunang'oa miguu, kijana mmoja anatangulia juu akishika mgongo wa kochi, wawili wanasukuma kutoka chini huku wakilizungusha kidogo kidogo, na bado kona inaligomea kwa upana wa vidole viwili. Ikifika hapo, iliyobaki ni kulipandisha kwa kamba kupitia baraza la ghorofani. Inawezekana, lakini inataka watu zaidi, kamba nzuri na ruhusa ya mwenye jengo, na hakuna mojawapo kinachopatikana ghafla jioni. Pima upana wa mlango, upana wa ngazi na nafasi ya pale zinapokunjia. Pima pia kochi likiwa wima. Tukijua mapema, tunakuja tumejiandaa.

Vipimo hivyo vyote, mpe mtu wa kampuni anapokuja kukagua vyombo. Usikubali bei ya kwenye simu kabla mtu hajaona mzigo. Kama hana nafasi ya kuja, mtumie video, na video hiyo isiishie sebuleni. Onyesha stoo, baraza, tenki la maji, vyungu vya maua, kisha ushuke nayo ngazi hadi getini. Mteja anayeficha friza ya pili ili bei ishuke hujiumiza mwenyewe, maana lori litajaa kabla ya vyombo kwisha, na safari ya pili mwisho wa mwezi ni ghali. Bei iandikwe: lori la ukubwa gani, vijana wangapi, nani anafunga vyombo, nani anafungua vitanda na kuviunga tena, nani anatundika televisheni na fimbo za pazia. Uliza kama VAT ya 16% imo ndani. Uliza pia kuhusu bima ya mizigo ikiwa safarini, na hasa kama inalipia katoni ulizofunga mwenyewe, kwa sababu mara nyingi hailipii.

Malipo ya kwanza yaende kwa namba ya biashara yenye jina la kampuni, usitume kwa namba ya mtu. Bakisha kiasi cha maana hadi kitu cha mwisho kishushwe. Nimeita vijana wangu kwenda kumsaidia mama aliyeachwa na vyombo nje ya geti la Roysambu kwa sababu watu aliowalipa pesa zote walidai nyongeza njiani, na aliposema hana wakashusha pale pale na kuondoka. Usiku ule, chenye thamani kubwa kuliko vyote hapo nje kilikuwa begi la vyeti vya watoto, na lilikuwa chini ya rundo. Vyeti, pasipoti, hati, dawa na dhahabu usitukabidhi sisi wala kampuni nyingine yoyote. Safiri navyo.

Kuhusu tarehe, kodi nyingi hulipwa kabla ya tarehe 5, kwa hivyo Nairobi nzima huhama katika siku zile zile za mwisho na mwanzo wa mwezi. Ukiweza kumwomba mwenye nyumba mpya akupe funguo siku tatu au nne mapema, mwombe. Utahama siku ya kazi, utahudumiwa na vijana ambao hawajachoka, na utapata nafasi ya kuijaribu nyumba: mabomba, soketi, kufuli, mita. Tokeni za stima zilizobaki kwenye mita ya zamani hazihamishiki, hivyo wiki ya mwisho nunua kidogo kidogo. Kule unakoenda, pata namba ya mita kutoka kwa keateka na ujaribu kununua tokeni kabla ya siku yenyewe. Hakikisha pia kile kifaa cha kuingizia tarakimu 20 za tokeni kipo na kina betri. Mpangaji aliyetoka anaweza kuwa ameondoka nacho.

Sasa tufunge. Kitanda kikifunguliwa, skrubu na nati zake ziingie kwenye mfuko mmoja wa nailoni, mfuko ufungwe kwa seloteipu kwenye ubao wa kichwani wa kitanda hicho hicho. Ukizikusanya zote kwenye kopo moja, utakaa saa nzima usiku ukilinganisha skrubu za kitanda na za meza. Vitabu viwekwe kwenye katoni ndogo, maana katoni kubwa ya vitabu huachia chini. Sahani zifunikwe moja moja kwa gazeti na zisimamishwe kwa ukingo. Zikilazwa, ya chini hubeba uzito wa zote, na tuta moja la barabarani linatosha kuivunja. Kila katoni iandikwe ubavuni jina la chumba inakokwenda, kwa kuwa zikipangwa juu juu maandishi ya kwenye kifuniko hayasomeki.

Friji izimwe siku moja kabla, barafu iyeyuke, maji yafutwe. Isafiri ikiwa imesimama. Kompresa ina mafuta ndani, na friji ikilazwa mafuta hayo huweza kuingia kwenye mirija ya gesi. Ukifika, iache saa kadhaa kabla ya kuichomeka, na kama ililazwa njiani iache hadi kesho yake. Mashine ya kufua yenye mlango wa mbele ilikuja na bolti za kushikilia pipa lake, kwa hivyo zitafute uzirudishe. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, utolewe regulita, na usafiri umesimama. Kampuni nyingine haziubebi kabisa, kwa hivyo uliza.

Kinachopakiwa mwisho hushuka kwanza. Mwambie msimamizi abakize mlangoni mwa lori pazia, godoro, blanketi, sufuria moja na mtungi wa maji. Nyumba ya zamani ikishakuwa tupu, pitia kila chumba na keateka, piga picha za kuta, sinki na mita, kisha mrudishie funguo baada ya picha hizo, kwa sababu mazungumzo ya depositi yatakuja baadaye.

Kwenye nyumba mpya, simama mlangoni na orodha yako huku vyombo vikiingia, na umwachie mtu mwingine kazi ya kuelekeza vyumba. Ukifungua katoni ukakuta kitu kimevunjika, kipige picha kikiwa bado humo na gazeti lake, na umwonyeshe msimamizi kabla hajaondoka, aandike kwenye fomu ya kazi na nyote wawili mtie sahihi. Malipo yaliyobaki yatume baada ya hapo.