Wikendi ya historia hai ya kijeshi ni nini?

Historia hai ya kijeshi ni njia ya makumbusho kueleza maisha ya askari wa zamani kwa kutumia watu waliovaa, waliobeba na wanaotumia vitu kama vya wakati huo. Kwa siku mbili uwanja wa makumbusho unakuwa kambi: mahema, kuni, kwata, mtu anashona soli ya buti, na mara moja au mbili kwa siku bunduki zinalia. Kuweka watu wenye mavazi ya kale ndani ya makumbusho si jambo la juzi. Artur Hazelius alifungua Skansen, jijini Stockholm, mwaka 1891 akiwa na lengo la kuonyesha jinsi watu walivyoishi, na siyo majengo matupu.

Wengi hudhani kiini chake ni vita vya kuigiza. Sivyo. Mapigano huisha ndani ya dakika 20 hivi, na mgeni hujifunza zaidi kambini, anaposhika mkoba wa askari na kuusikia uzito wake. Kinachotenganisha kazi hii na maigizo ya kawaida ni swali moja: umejuaje? Kila kifungo kinapaswa kuwa na ushahidi nyuma yake, iwe ni picha yenye tarehe, kanuni za sare au kitu halisi kilichohifadhiwa.

Chukua blauzi ya sufu ya askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Kwenye mtindo wa 1937, vifungo vya mifuko ya kifuani vimefichwa na mifuko ina mikunjo. Toleo la kubana matumizi lililotoka mwaka 1942 lina vifungo vinavyoonekana na mifuko bapa. Kikundi kinachodai kuonyesha Dunkirk, bandari ya Ufaransa ambako askari wa Uingereza waliokolewa kwa meli mwaka 1940, kikivaa toleo la pili, kimekosea miaka miwili, na atakayeligundua kosa hilo kwanza ni mgeni aliyekuja na picha ya babu yake. Ndiyo maana makumbusho makini huandika mapema mwaka, kikosi na mahali panapoonyeshwa, kisha hukagua sare kabla ya lango kufunguliwa. Vitu halisi vya hifadhi havivaliwi, kwa sababu jasho na jua huviharibu, huvaliwa nakala. Alama za Kinazi zinahitaji uamuzi wa mapema: Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuzionyesha hadharani, isipokuwa kwa makusudi kama elimu na utafiti.

Kuhusu kuzungumza, zipo namna mbili. Mwigizaji anaweza kujifanya mtu wa 1815 asiyejua lolote la baadaye, au akavaa vilevile lakini akaeleza kama mtu wa leo. Kwa kambi ya kijeshi, namna ya pili ni bora, maana mgeni anauliza kuhusu majeraha, mishahara na vifo, na anastahili jibu la wazi.

Kwenye ufyatuaji ndiko kosa dogo linaweza kuumiza. Brown Bess, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, ni ya gumegume, yaani huwashwa kwa cheche za jiwe, yenye mtutu wa kipenyo cha karibu milimita 19, na hupakiwa hivi: ng'ata karatasi ya fungu la baruti, mimina kidogo kwenye kisahani kilicho kando ya mtutu, funga kifuniko chake, kisha mimina iliyobaki kwenye mdomo wa mtutu. Vitani risasi na karatasi vilifuata, vikashindiliwa kwa mdeki, fimbo ya kushindilia. Kwenye maonyesho hakuna risasi, karatasi hutupwa, na katika mapigano ya kuigiza mdeki hautolewi kabisa mahali pake, kwa sababu ukisahaulika ndani ya mtutu unatoka kama mkuki. Bunduki huelekezwa juu ya vichwa. Tundu la moto, linalopitisha moto kutoka kisahani hadi ndani ya mtutu, liko upande wa kulia, hivyo cheche humfikia jirani wa kulia. Bamba la shaba kando ya kisahani huzikinga. Mavazi nayo ni kinga: sufu haishiki moto upesi, ilhali nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Bunduki ikigoma, mdomo wake hubaki juu na mshikaji husubiri, kwani moto unaweza kuchelewa. Mara nyingi sababu ni jiwe butu, tundu lililozibwa na masizi au baruti yenye unyevu. Baada ya kusubiri, kisahani hufunguliwa na kufutwa, na tundu huchokolewa kwa sindano.

Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kuleta kutu, kwa hiyo mtutu husafishwa kwa maji siku hiyohiyo, hukaushwa, ndipo hupakwa mafuta. Mafungu yaliyobaki huhesabiwa na kurudishwa kwa msimamizi wa baruti kabla ya mtu yeyote kuondoka uwanjani.