Je, wajua kwa nini kwaya za Moshi zilisikika kupitia Addis Ababa?

Mkulima wa Machame au Marangu aliyewasha redio yake jioni katika miaka ya 1960 aliweza kusikia kwaya ya Kilutheri ya mkoa wake ikiimba, ingawa sauti hiyo ilikuwa ikirushwa kutoka Addis Ababa, zaidi ya kilomita 1,300 upande wa kaskazini. Kwaya yenyewe haikuwa imekanyaga Ethiopia. Ilikuwa imeimba Moshi, katika studio ya redio ya Kilutheri iliyoitwa Sauti ya Injili, na kilichosafiri kwenda Ethiopia ni kanda. Kwa nini wimbo ulazimike kuvuka nchi nzima ya Kenya ndipo umrudie mtu ambaye angeweza kupanda basi na kuwasikia waimbaji hao ana kwa ana?

Sababu ya kwanza ni ya kiserikali. Redio nchini ilikuwa chombo cha dola tangu enzi za ukoloni, na mwaka 1965 shirika la utangazaji la Tanganyika lilipovunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, serikali iliishika redio kwa mkono imara zaidi. Kanisa lingeweza kumiliki maikrofoni na mashine za kurekodia, lakini halikuweza kumiliki mtambo wa kurushia matangazo. Ethiopia ilikuwa tofauti kwa jambo hili. Mwaka 1959 serikali ya Mfalme Haile Selassie iliwapa Walutheri wa dunia, kupitia Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kibali cha kujenga kituo, nacho kikazinduliwa na mfalme mwenyewe tarehe 26 Februari 1963. Kwa Kiswahili kiliitwa Sauti ya Injili, na kilikuwa na mitambo miwili ya mawimbi mafupi, kila mmoja ukiwa na nguvu ya kilowati 100.

Sababu ya pili iko angani, na kwa maoni yangu ndiyo inayovutia zaidi. Mawimbi mafupi hurushwa kuelekea juu, yakafika kwenye ionosfea, yaani tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, kisha yakapindwa na kurejea ardhini mbali sana na yalikotoka. Kwa masafa (frikwensi) yake mengi, kati ya eneo dogo lililo jirani na mtambo na mahali yanapotua upya, hubaki ukanda ambao hausikii chochote au husikia kwa shida, kwa kuwa matangazo yanapita juu ya vichwa vya watu. Ina maana kwamba mtambo wa aina hiyo ukijengwa Moshi, wengi wa jirani zake wangeukosa huku watu wa nchi za mbali wakiupata vizuri. Umbali wa kutoka Addis Ababa, kinyume chake, unafaa kabisa kwa mruko mmoja wa wimbi.

Hata hivyo kituo hakikutaka kuwahamishia Ethiopia waimbaji, wahubiri na wataalamu wa lugha zote kilizotangaza. Kwa hiyo kazi iligawanywa. Studio za kimaeneo zilitayarisha vipindi kwa lugha za wenyeji wake, na Addis Ababa ikavirusha. Moshi ilishughulikia Kiswahili, Ngaoundéré nchini Cameroon ikashughulikia Kifulani, na Antsirabe ikahudumia Madagaska. Kanda zilisafirishwa kwa ndege, jambo ambalo liliamua pia ni kitu gani kitangazwe kutoka wapi. Habari huchacha zikikaa njiani, hivyo ziliandaliwa Addis Ababa kwenyewe. Wimbo, mahubiri au mazungumzo kuhusu afya havipungukiwi na kitu kwa kusubiri. Kituo kilijiwekea pia kanuni kwamba takribani asilimia 30 ya vipindi vihusu injili moja kwa moja, na asilimia 70 vihusu elimu, habari na maisha ya kila siku. Muziki ulifaa pande zote mbili.

Muziki huo haukuanzia studio. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kutokana na mapokeo yao sharika nyingi zilizoea tenzi za sauti nne pamoja na bendi za tarumbeta, ambazo hadi leo huamsha watu alfajiri ya Pasaka. Mawimbi mafupi yana tabia ya kukata sauti nyembamba sana na nzito sana, na nguvu yake hupanda na kushuka kila baada ya sekunde chache. Ala nyingi huharibika zikipitishwa humo. Sauti ya binadamu hustahimili, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile sikio linachohitaji ili kutambua maneno imo katikati. Kwaya isiyo na ala, basi, ilikuwa muziki uliofaa sana kwa chombo hicho, ingawa nina shaka kama waimbaji wa besi walisikika ipasavyo.

Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia, iliyokuwa imemwondoa mfalme mwaka 1974, ilikitaifisha kituo na kukigeuza kuwa Sauti ya Ethiopia ya Mapinduzi. Ule mgawanyo wa kazi, ambao hadi hapo ulionekana kama usumbufu wa kupeleka na kungoja, ndipo ulipoonyesha faida yake: askari walichukua mitambo, lakini studio, mashine za kurekodia na watu waliojua kuzitumia walikuwa Moshi. Jina nalo likabaki huko.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliporuhusu redio binafsi Tanzania, Sauti ya Injili ya Moshi iliweza hatimaye kutangaza kwa FM kutoka nyumbani. Mawimbi ya FM hayarudi kutoka ionosfea. Husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mlima au kilima kikiingia kati huyadhoofisha. Kwa hiyo mkulima wa Marangu sasa anaisikia kwaya bila mkwaruzo, ilhali kuipeleka mikoa ya mbali kunahitaji mnara mwingine.