Je, wajua kwa nini mboga huoza kabla hujazipika?

Chukua mfuko wa plastiki uliofungia mboga za majani jana jioni, uuangalie kwenye mwanga. Upande wa ndani umejaa matone ya maji, hata kama mboga zilikuwa kavu ulipozifunga. Maji hayo hayakupenya kutoka nje. Yametoka kwenye mboga zenyewe, na yametoka kwa sababu bado ziko hai.

Jani likishachumwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua: linachukua oksijeni, linaunguza sukari iliyomo ndani yake, linatoa hewa ya ukaa, mvuke na joto kidogo. Shambani mizizi ilikuwa ikileta maji na jua likisaidia kutengeneza sukari mpya, kwa hiyo kilichotumika kilirudishwa. Jikoni ni kutoa tu, hakuna kuingiza. Akiba ikikaribia kwisha, jani hunyauka na kuanza kuwa manjano, kisha kuta za seli hulegea, na bakteria na kuvu waliokuwa wametulia juu ya ngozi yake siku zote hupata pa kuingilia. Hapo ndipo linaanza kuteleza na kunuka.

Kinachoamua kasi ya mambo yote haya ni joto. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, mazao mengi hupumua haraka mara mbili au hata tatu zaidi. Kwa hiyo jokofu halitibu wala haliui chochote. Linapunguza tu kasi ya pumzi. Asiye na jokofu anaweza kupunguza kidogo kwa kivuli na kitambaa chenye unyevu, maana maji yanapokauka kwenye kitambaa huondoka na joto. Na ule mfuko wenye matone? Usiufunge kabisa. Weka ndani karatasi au kitambaa kikavu kinyonye maji, na uache mwanya. Mboga zinahitaji unyevunyevu hewani, lakini zikilowa majani yenyewe, ukungu huanza upesi. Ndiyo maana ni bora kuziosha wakati wa kupika kuliko kuziosha na kuziweka zikiwa zimelowa.

Lakini si kila kitu hupenda baridi, na hapa ndipo wengi tunapojiharibia chakula kwa nia njema. Ndizi ikikaa chini ya nyuzi 13 hivi, ganda hugeuka jeusi. Nyanya hupoteza harufu na ladha. Viazi hubadili wanga wake kuwa sukari, ukivikaanga vinaungua rangi kabla ya kuiva. Vyenyewe vinataka mahali pa giza, pakavu na penye hewa, kwa sababu vikipigwa na mwanga huwa vya kijani na hutengeneza sumu iitwayo solanini. Mkate nao huwa mgumu upesi zaidi ndani ya friji kuliko kwenye kabati, kwani baridi ile huharakisha wanga kukakamaa. Kwenye freza, kinyume chake, hukaa vizuri kwa wiki kadhaa.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho: gesi. Mwaka 1901, mwanasayansi Dimitry Neljubow huko St Petersburg alishangaa kuona miche ya njegere ndani ya maabara ikiota kwa kujipinda na kulala. Aligundua kwamba chanzo ni ethilini, gesi iliyokuwa kwenye hewa ya taa za gesi za wakati ule. Mwaka 1934, Richard Gane wa Uingereza akathibitisha kwamba matunda yenyewe huitengeneza. Matunda kama ndizi, parachichi, embe, papai, tufaha na hata nyanya huitoa kwa wingi yanapoiva, na gesi hiyo huyaambia mengine yaliyo jirani yaive pia. Kwa mboga za majani na matango, agizo hilo ni la kuzeeka: yanageuka manjano. Karoti huingia uchungu. Basi lile bakuli zuri la mezani lililorundikwa kila aina ya tunda ni pambo linalojiozesha lenyewe. Tenga yanayotoa gesi na yanayoumizwa nayo. Ukiwa na parachichi gumu unalolitaka kesho kutwa, fanya kinyume: lifunge pamoja na ndizi mbivu kwenye mfuko wa karatasi.

Haya si mambo madogo. Ripoti ya mwaka 2024 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, inakadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani, si hotelini wala madukani. Hiyo ya majumbani peke yake ni kama kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa maoni yangu, mazungumzo mengi kuhusu taka za jikoni huanza mahali pasipofaa, yaani kwenye pipa, wakati sehemu kubwa ya taka hizo ingezuilika rafuni.

Kabla ya kutupa, tofautisha kilicholegea na kilichooza. Karoti inayopindika imepungukiwa na maji tu. Ikate ncha, iloweke kwenye maji baridi sana, na baada ya muda itakakamaa tena. Ikiwa inateleza au imetoa harufu, iache iende. Mkate wenye doa la ukungu pia uende wote, kwani nyuzi zake hupenya ndani kuliko macho yanavyoona. Na chakula kilichopikwa kina sheria yake: kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wali hasa, kwa sababu kuna bakteria ambao mbegu zao huhimili kuchemshwa, kisha huamka ukipoa polepole na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Yanabaki maganda na vikonyo, ambavyo hakuna namna ya kuvila. Kwa nini hunuka vibaya hivyo kwenye ndoo? Kwa sababu ya kukosa hewa. Mabaki mabichi yakishindiliwa chini ya mfuniko, oksijeni huisha, na kazi huchukuliwa na bakteria wasioihitaji. Hao hutoa asidi zenye harufu kali na gesi yenye harufu ya yai viza. Dampo lililofukiwa likikosa hewa namna hiyo hutoa methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha joto dunia karibu mara 30 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa.

Maganda hayohayo yakipata hewa huwa mboji yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Sharti ni kuyachanganya na vitu vikavu: majani makavu, maboksi yaliyochanwa, maranda ya mbao. Kwa kila ndoo ya mabaki mabichi weka mbili au tatu za vikavu. Lundo kubwa likienda sawa hupanda hadi nyuzi 55 au 60 katikati. Ingiza fimbo, iache kidogo, utaishika ikiwa moto. Likianza kunuka, linalia hewa: lipindue, ongeza vikavu. Nyama na mafuta usiweke, utaita panya. Usiye na pa kuweka lundo, chuja maji yote kwanza, tandika gazeti chini ya ndoo, au weka maganda kwenye freza hadi siku ya kuzoa taka. Maganda ya mayai yaponde kabla ya kuyatupia lundoni, la sivyo utayakuta mazima mboji yote ikiwa imeshaiva.