Kolesteroli "ya kawaida" isikutulize haraka

Wagonjwa wengi huja kliniki na karatasi ya maabara mkononi, kidole kikiwa tayari kwenye mstari wa kwanza: kolesteroli jumla, 5.0. Pembeni pameandikwa kwamba kawaida ni chini ya 5.2. Hakuna nyota, hakuna wino mwekundu. "Dokta, mimi mafuta sina." Mimi hushuka mistari miwili chini.

Kolesteroli jumla imechanganya vitu visivyofanana. Humo mna HDL, ile inayoitwa kolesteroli "nzuri", na mna LDL, ile "mbaya", na wenzake wanaopenya kwenye kuta za mishipa ya moyo na kujijenga humo miaka nenda rudi bila maumivu yoyote. Karatasi hiyohiyo inaonyesha HDL 0.9 na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, 2.2. Toa HDL kwenye jumla, inabaki 4.1. Hayo ndiyo mafuta yanayoziba mishipa, na kwa mtu ambaye tungetaka LDL yake isizidi 3.0, hesabu hii isingepaswa kuvuka 3.8. Kutoa huko hakuna malipo, lakini karatasi nyingi ninazoletewa hazina mstari huo. Na usishtuke ukikuta 193 badala ya 5.0: ni kiasi kilekile, ila maabara moja inaandika mg/dL na nyingine mmol/L.

LDL yenyewe mara nyingi haipimwi, hukokotolewa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972. Trigliseridi zikipita 4.5, kanuni hiyo haifai tena. Hata kabla ya hapo, mwenye kisukari au kitambi anaweza kuwa na LDL ya kupendeza huku chembe zinazobeba mafuta hayo kwenye damu ni ndogo na nyingi mno. Ndiyo maana kwa watu hao napenda kuagiza ApoB. Kila chembe hatari hubeba protini hiyo moja tu, kwa hiyo ukiipima umezihesabu chembe.

Kipimo ninachosikitika hakiagizwi ni Lp(a), chembe inayofanana na LDL ila ina protini ya ziada. Kåre Berg aliigundua Norwei mwaka 1963, na hadi leo wengi hawajaisikia. Kiwango chake karibu chote ni cha kurithi. Ule mboga, ukimbie kila asubuhi, hakitikisiki. Duniani takriban mtu mmoja kati ya watano anacho kingi, yaani zaidi ya 50 mg/dL, na sisi wenye asili ya Afrika kwa wastani tuko juu kuliko Wazungu. Kwa wengi inatosha kupima mara moja maishani. Ikiwa baba au kaka yako alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, usingoje. Kikitoka kikubwa, tunabana zaidi LDL, presha na sigara, na ndugu zako nao wapimwe.

Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake 27,939 kwa miaka 30. LDL, Lp(a) na CRP, kutoka damu waliyotoa mwanzoni tu, vilitabiri nani angepata mshtuko wa moyo au kiharusi miaka mingi baadaye. CRP huonyesha uvimbe mwilini, nami huisoma kwa tahadhari. Malaria ya wiki iliyopita, jino bovu, hata mafua, vyote huipandisha. Ikivuka 10, subiri upone kwanza, urudie.

Troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, ambayo watu huiomba kwenye "full checkup", ni ya mwenye maumivu ya kifua sasa hivi.

HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita, nayo ina mtego wake huku kwetu. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari, lakini mwenye selimundu, seli zake nyekundu hufa mapema, na majibu hushuka kuliko hali halisi. Upungufu wa madini ya chuma huweza kuyapandisha. Kwa hiyo ukijua una selimundu, sema kabla hujachomwa sindano. Tutapima sukari ya asubuhi kabla hujala.