Mfumo wa taarifa wa kampuni haununuliwi dukani

Mfumo wa taarifa wa kampuni ni utaratibu mzima unaoamua taarifa ya shughuli inaanzia wapi, nani anaiandika, inapita kwa nani, inahifadhiwa wapi na nani ana mamlaka ya kuibadilisha. Ndani yake wamo watu, kanuni, fomu, kumbukumbu na, siku hizi, karibu kila mara, kompyuta na programu. Kwa fasili, hayo yanatosha. Kinachohitaji maelezo marefu zaidi ni mazoea ya kuiita programu peke yake mfumo, mazoea yaliyoenea kiasi kwamba wakurugenzi hutangaza kuwa wamenunua mfumo mpya, na mteja anayecheleweshewa malipo yake huambiwa kwamba mfumo umekataa.

Programu hununuliwa, lakini maamuzi yanayounda mfumo hayauzwi na yeyote, kwa kuwa ni ya kampuni yenyewe. Tuchukue oda ya katoni 120. Afisa mauzo anaiingiza kwenye kompyuta yake na kuchapisha nakala. Mtunza stoo anaipokea nakala hiyo na kuandika idadi ile ile kwenye leja yake. Mhasibu naye anaisoma kutoka kwenye karatasi ya stoo na kuichapa upya ili atoe ankara. Namba moja imeandikwa mara tatu, na kila mara 120 inaweza kugeuka 102. Ikigeuka, watatu hao watabishana bila kufikia mwisho, kwa sababu hapajawahi kukubaliwa ni kumbukumbu ya nani iliyo chanzo na za nani zinapaswa kuifuata. Kampuni hiyo ikileta programu ya gharama kubwa huku kila idara ikiendelea kujiandikia namba zake, kosa litabaki pale pale, ila sasa litafika kwa mteja mapema zaidi.

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alipendekeza data ipangwe katika majedwali yanayohusiana, na kutokana na wazo hilo wasanifu wakapata njia ya kuhifadhi jambo mara moja na kulirejelea kokote linakohitajika. Hata hivyo, hakuna kanzidata, yaani hifadhi ya data iliyopangwa ndani ya kompyuta, inayoweza kuamua kwamba idadi ya katoni ni jukumu la mauzo na si la stoo.

Historia ya kompyuta za biashara inalithibitisha jambo hili kuliko wengi wanavyokumbuka. J. Lyons & Co. ya Uingereza, kampuni ya migahawa ya chai na viwanda vya kuoka, iliunda kompyuta iitwayo LEO, ambayo mwaka 1951 ilianza kukokotoa thamani ya bidhaa zilizookwa. Habari hiyo husimuliwa kama ushindi wa mashine, ilhali Lyons ilikuwa imetumia miaka mingi kabla yake kuchunguza jinsi karatasi zilivyopita ofisini mwake, fomu ipi ilihitajika na ipi haikuhitajika. Kompyuta ilipofika, njia za taarifa zilikuwa zimekwisha kufikiriwa.

Ufanisi nao hueleweka vibaya, hudhaniwa kuwa ni kasi tu. Mtiririko uliosanifiwa vizuri una vituo vilivyowekwa kwa makusudi: anayeagiza bidhaa hapaswi kuwa ndiye anayeidhinisha malipo yake, hata kama kumruhusu kungeokoa siku nzima. Kinachostahili kuondolewa ni kungojea kusiko na sababu na kunakili kusiko na faida.

Kwa hiyo, mtu akisema kwamba kampuni yake imenunua mfumo, hakuna haja ya kumkatiza. Inatosha kumwuliza kwa upole ni nani sasa anayeiandika oda, na kama wale wanaoipokea baada yake wameacha kuiandika upya.