Komedi ya skruboli ni nini?

Neno hili limetoka kwenye besiboli ya Marekani, mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo. Skruboli ni mpira wenye mzunguko wa ajabu: ukimkaribia mpigaji, hupinda kinyume na mipira mingine ya kupinda, naye akabaki anapiga hewa. Carl Hubbell wa New York ndiye aliyesifika kwa urushaji huo. Mwaka 1934 aliwatoa wapigaji watano wakubwa mfululizo, Babe Ruth akiwa wa kwanza. Miaka hiyohiyo neno likawa la mitaani kwa mtu mwenye vituko, kisha likahamia kwenye sinema.

Komedi ya skruboli, basi, ni ile ambayo mambo hukata kona pale usipotarajia, ilhali wahusika wenyewe hawacheki. Kwao ni shughuli nzito.

Tazama filamu At the Circus ya mwaka 1939, ya ndugu wa Marx, wachekeshaji wa Marekani. Mwenye sarakasi, Jeff Wilson, anadaiwa dola 10,000, na fedha za kulipa deni zinaibiwa ndani ya treni. Chico, mmoja wa ndugu hao, anayecheza mfanyakazi wa sarakasi, anamwita wakili aje kuokoa jahazi. Wakili, yaani ndugu yake Groucho, anafika mvua ikimwagika, na ni Chico huyohuyo anayemzuia mlangoni: huna beji, hupandi! Kila akijaribu anarudishwa kwenye maji. Chico hana chuki naye hata chembe. Anafuata kanuni tu. Hapo ndipo skruboli ilipo: kanuni inashikwa barabara mpaka inageuka wazimu.

Wakali wa istilahi hudai lazima pawe na mwanamume na mwanamke wanaogombana hadi wakapendana, kama katika It Happened One Night ya 1934. Kwa kipimo hicho filamu ya sarakasi iko ukingoni. Wapenzi wake, Jeff na Julie, ni wapole na wanaimba vizuri, lakini kwangu mimi wakitokea tu filamu inapoa.

Inachemka tena mwishoni, Newport, mji wa pwani nchini Marekani, kwenye karamu ya shangazi tajiri wa Jeff. Okestra aliyoialika imepangwa kwenye jukwaa linaloelea. Kamba inakatwa ili sarakasi ichukue nafasi yake. Wanamuziki, wamevalia rasmi, wanaendelea kupiga bila kukosea noti, huku jukwaa likiyoyoma baharini.