Kijana wa Kimaasai halazimiki kuua simba ili awe mwanamume

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba kijana wa Kimaasai haoi mpaka aue simba peke yake. Si kweli. Kinachomtoa utotoni ni jando; kinachomfungulia moran (kijana shujaa aliyekwisha kutahiriwa) njia ya uzee ni sherehe ya eunoto, pale mama yake anapomnyoa nywele ndefu zilizopakwa ngeu.

Msako wa simba, olamayio, ulikuwepo, ila mara nyingi waliuendea kwa kundi. Aliyetangulia kumchoma mkuki alipata sifa. Watu wameigeuza sifa hiyo kuwa sharti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na marika mapya bado yanaingia umorani.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Ukitaka hakika, muulize mzee wa Kimaasai alivyotoka jandoni.